Kata shina kabla ya kununua dawa

Ndugu yangu wa Uporoto, nimekuelewa: viazi vinanyauka, na programu ya akili mnemba imetazama picha ya jani ikasema ni ukungu, upulizie dawa. Subiri kwanza. Picha haioni ndani ya shina.

Kata shina karibu na udongo, lining'inize ndani ya glasi ya maji safi, litulie dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, huo ni mnyauko bakteria. Hakuna dawa ya kupulizia inayouponya. Mimi niliiamini simu, nikapuliza mara tatu, hela ikaenda na viazi vikaoza. Ng'oa mashina yaliyougua pamoja na viazi vyake, usiyatupe mferejini.

Nyuzi zisipoonekana, peleka mche kwa bwana shamba au kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, Mbeya, kabla ya kununua chochote.