Kabla Juni Haijafika: Namna ya Kujipanga kwa Shughuli za Mwanza

Mvua za masika zinapokwisha na wakulima wa Magu, Misungwi na Kwimba wanapoanza kuvuna mpunga na pamba, jiji letu hubadilika sura. Magari yenye vipaza sauti hupita mitaani tangu asubuhi, vitambaa vya matangazo hufungwa juu ya barabara, na kadi za mchango huanza kuingia majumbani mbili kwa wiki. Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Agosti, ngoma, maonesho, harambee, uchangiaji damu na harusi hurundikana kiasi kwamba mtu asiyejipanga hujikuta amechoka, amemaliza fedha, na bado amekosa jambo lile alilolitamani tangu mwaka uliopita. Nimepita katika hali hiyo kwa miaka mingi, nikifuata kila tangazo nililokutana nalo njiani. Siku hizi ninakaa na daftari mwezi wa Aprili, ninachagua shughuli chache, na kwa kila moja ninajiuliza swali moja tu: nitakuwa na kazi gani nikifika pale?

Nianze na Bulabo, kwa sababu ndiyo inayowapotezea watu tarehe. Sherehe hii ya utamaduni wa Wasukuma hufanyika Bujora, Kisesa, kilomita zipatazo 18 kutoka katikati ya jiji kwa barabara ya Musoma, na jina lake maana yake ni maua. Imefungamana na Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, nayo huhesabiwa kutoka Pasaka. Kwa hiyo hakuna haja ya kusubiri tangazo ili kujua majira yake. Hesabu Jumapili ya tisa baada ya Pasaka. Mwaka 2026 Pasaka inaangukia tarehe 5 Aprili na Jumapili hiyo ni tarehe 7 Juni, na mwaka 2027, kwa kuwa Pasaka ni tarehe 28 Machi, itakuwa tarehe 30 Mei. Ukishaijua wiki yenyewe, ulizia Bujora ratiba ya siku za ngoma, maana mashindano huendelea kwa siku kadhaa na si kila siku ina uzito uleule.

Mara ya kwanza niliwapeleka wanangu bila maandalizi yoyote. Tulifika saa nane mchana, tukasimama nyuma ya umati, tukaona vumbi na migongo ya watu, tukarudi nyumbani. Mwaka uliofuata nilimwomba mjomba wangu, mzee aliyewahi kucheza ngoma ujanani, aandamane nasi, na hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nikikitazama. Alitueleza kwamba Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake ni mashindano ya waganga wawili wa zamani, Ngika na Gumha, na kwamba vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja huku mshindi akipatikana kwa wingi wa watazamaji aliowavuta upande wake. Kumbe kule kuhama kwetu kutoka upande mmoja kwenda mwingine kulikuwa ni kupiga kura! Ndiyo sababu wachezaji huja na majembe wanayoyarusha juu, na wengine na chatu mzima, na mbinu mpya ambayo mpinzani hajawahi kuiona. Wanangu walihama uwanja mara tano siku ile, kila mara wakijua kwa nini.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: nenda na mtu mzima anayeijua lugha, awe babu, shangazi au jirani, hata kama itakubidi umlipie nauli na chakula, kwa kuwa nyimbo nyingi ni za Kisukuma na ndani yake kuna masimango, sifa na habari ambazo macho peke yake hayazioni. Ondoka mapema, daladala za Kisesa hujaa kuanzia saa nne, na kutoka barabara kuu kuna mwendo wa kupanda hadi Bujora. Kabla ngoma hazijapamba moto, ingia katika Makumbusho ya Wasukuma, uone ngoma za watemi na jengo lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi, kisha ulitazame kanisa la pale, ambalo Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alilijenga kwa kufuata umbo la nyumba ya Kisukuma. Beba maji, kofia, na michembe au matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa) kwa ajili ya watoto, kwa sababu foleni ya chakula mchana huwa ndefu mno.

Katika wiki hizohizo huangukia tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani. Hapa nawasihi wasomaji wangu kwa moyo wote. Muuguzi mmoja aliniambia jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: sehemu kubwa ya wachangiaji wetu ni wanafunzi wa sekondari, kwa hiyo shule zinapofungwa mwezi Juni na Desemba, damu hupungua wakati wagonjwa hawapungui. Hospitali ya Bugando hapa jijini inapokea wagonjwa wa rufaa kutoka Kanda nzima ya Ziwa, wakiwamo akina mama waliotokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua na watoto wadogo ambao malaria imewapunguzia damu mwilini. Mchangiaji anatakiwa awe na umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50 na afya njema. Mwanamume anaweza kurudia kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya miezi minne. Kula vizuri na kunywa maji ya kutosha kabla ya kwenda. Mimi nikitoa katikati ya Juni, naandika palepale katikati ya Oktoba na katikati ya Februari, kwa kuwa siku moja yenye hema na muziki haiwezi kutosheleza hospitali mwaka mzima.

Hisani ndiyo iliyonifunza kwa uchungu zaidi. Kikundi chetu cha akina mama kilichanga fedha kwa miezi mitatu, na Jumatatu ya Pasaka tukaenda katika kituo kimoja cha kulelea watoto nje kidogo ya mji, tukiwa na soda, biskuti, sukari na sabuni. Tulikuta vikundi viwili vingine vimetutangulia, navyo vimeleta vitu vilevile. Watoto walikuwa wameshachoka kuimbia wageni. Mlezi wao alitupokea kwa heshima kubwa, lakini tulipokuwa tunaaga alinivuta pembeni akasema, "Dada yangu, Mungu awabariki, ila mwezi wa kwanza tulikopa madaftari na viatu." Sikulala vizuri usiku ule.

Tangu hapo tunapiga simu kwanza na kuuliza kinachohitajika, tena tunachagua mwezi ambao hakuna mtu anayekwenda. Januari huhitajika sare na vifaa vya shule; wakati wa mvua huhitajika vyandarua na nishati ya kupikia. Anayetaka kuandaa futari ya pamoja katika mwezi wa Ramadhani afanye vivyo hivyo, kwa maana siku za kumi la mwisho huwa na waalikaji wengi na za mwanzo huwa na wachache. Muulize afisa ustawi wa jamii wa halmashauri iwapo kituo kimesajiliwa, kwani hiyo ni kazi yake na atakujibu. Na tafadhali, sura za watoto zisiwekwe mtandaoni. Mtoto yule atakua, atasoma, na hatapenda kukumbukwa kama mpokeaji wa sabuni.

Kuhusu kadi za harusi na sendofu sina maneno mengi: nimetenga kiasi maalumu kwa mwaka, na kikiisha namwambia mwenye shughuli waziwazi, "Fedha sina, nitakuja kupika." Hakuna aliyewahi kukasirika. Kamati nyingi zina wachangaji wa kutosha na zimepungukiwa na watu wa kuosha vyombo saa sita usiku.

Maonesho ya Nane Nane huko Nyamhongolo, ambayo huanza tarehe 1 Agosti na kufikia kilele tarehe 8, yanamfaa zaidi anayekwenda siku za katikati, tarehe 3 hadi 5, asubuhi. Siku ya kilele ni ya hotuba na msongamano. Mtaalamu wa mifugo au wa ufugaji wa samaki hana nafasi ya kukusikiliza. Nilikwenda na swali moja lililoandikwa kwenye karatasi, kwa nini kuku wangu walikuwa wakifa kila inapofika Septemba, na kijana mmoja wa banda la mifugo alikaa nami karibu saa nzima akinichorea ratiba ya chanjo ya kideri. Karatasi ile bado imebandikwa mlangoni pa banda langu.

Ipo pia tarehe moja ambayo naiandika daftarini kabla ya zote, ingawa haina ngoma: 21 Mei, siku meli ya MV Bukoba ilipozama mwaka 1996 karibu na hapa Mwanza ikiwa na mamia ya abiria. Makaburi ya waliofariki yapo Igoma, njia ileile ya kwenda Kisesa. Mimi huenda asubuhi, nikiwa na fagio na panga dogo la kukatia majani.