Kuandika kwenye memori kadi kwa Arduino, ukijua umeme utakatika

Wengi wanaoniuliza kuhusu Arduino, zile bodi ndogo za kielektroniki unazoziandikia programu mwenyewe, na memori kadi wamekwama palepale: skrini inawaambia kadi haijaanza, na wameshabadilisha programu mpaka wamechoka. Hilo nitalifikia, ni jepesi. Ila kwa sisi tunaoishi Moshi, kazi yenyewe inaanza baada ya kadi kukubali. Unatakiwa kupanga uandishi wako ukichukulia kwamba umeme utakatika usiku wa manane, mstari ukiwa nusu, wewe umelala, na atakayechomoa kadi asubuhi ni mtu mwingine kabisa.

Mimi natumia Uno, mojawapo ya bodi za Arduino, kurekodi joto na unyevu wa mashine ya kutotolea vifaranga. Mashine iko kwa shangazi yangu, Kibosho. Mayai ya kuku yanakaa siku 21, joto linatakiwa litulie kwenye nyuzi 37.5 hivi, unyevu uwe asilimia 50 na kitu mpaka siku ya 18, halafu unapandishwa hadi 65 au zaidi yanapokaribia kuanguliwa. Kila baada ya dakika 5 kinaandikwa kitu kama hiki:

2025-06-14,02:35,37.4,53

Hizo ni baiti 26, ukihesabu na alama mbili za kumalizia mstari. Kwa siku ni mistari 288, haifiki hata kilobaiti 8. Mwaka mzima haumalizi megabaiti 3.

Kwa hiyo usitupe hela kwenye kadi kubwa. Kadi zinazozidi GB 32 zinatoka kiwandani zimefomatiwa kwa exFAT, na maktaba ya SD inayotumika kwenye Uno, yaani programu iliyoandikwa tayari ya kusoma na kuandika kadi, haiujui mfumo huo. Inajua FAT16 na FAT32 tu. Kadi ya GB 4 au 8 inatosha sana, hata ile ya GB 2 iliyobaki kwenye simu yako ya kitochi. Ukinunua mpya na bei ikawa rahisi mpaka unashangaa, ipime kwanza kwenye kompyuta kwa H2testw, au f3 kama unatumia Linux. Programu hizi zinaijaza kadi nzima, kisha zinasoma upya kuona kama kilichoandikwa kweli kimo. Kadi feki inajitangaza GB 32, kumbe ndani kuna 4, na inaendelea kupokea bila kulalamika. Kama umeinunua kwa vijana wa vibandani karibu na stendi, bila shaka imekuja imejaa nyimbo. Zihamishe unazozipenda, halafu fomati kwa SD Memory Card Formatter, programu ya bure inayotolewa na chama chenyewe kinachosimamia kadi za SD.

Sasa nyaya. Kadi inatumia volti 3.3, pini za Uno zinatoa 5. Moduli nyingi za madukani zina regyuleta na chipu ya kushusha volti, hizo unazilisha 5 na unaendelea na mambo yako. Lakini zipo moduli tupu, soketi na virezista vichache basi, na ukizipelekea 5 moja kwa moja unaitesa kadi hadi siku itakapokufa. Igeuze bodi uiangalie vizuri. Kama huoni chipu yoyote, kila waya unaotoka Uno kwenda kwenye kadi uupitishe kwenye rezista ya kilo-omu 1, na upande wa kadi uweke nyingine ya kilo-omu 2 kwenda graundi. 5 itashuka kuwa 3.3. Waya unaorudi kutoka kwenye kadi uache ulivyo. Na moduli tupu usiilishe kutoka pini ya 3.3 ya Uno. Pini hiyo inatoa miliampea 50, wakati kadi inapoandika inaweza kuvuta 100 na zaidi kwa ghafla. Tafuta regyuleta ya pembeni, na hata kwenye moduli kamili chomeka kapasita ya mikrofaradi 100 karibu na soketi.

Pini za Uno ni 11, 12 na 13, hazibadiliki, pamoja na pini moja ya kuichagua kadi, ambayo kwa kawaida tunaweka 10. Hapa ndipo ule ujumbe wa kadi haijaanza unapotoka mara nyingi: baadhi ya mifano ya maktaba imeandikwa pini 4, kwa sababu ndiyo inayotumika kwenye bodi ya Ethernet. Mtu anakopi mfano, waya wake uko 10, analaumu kadi. Kwenye bodi ya Mega pini ni 50, 51, 52 na 53, usibebe za Uno ukazihamishia huko. Kama bado inagoma, fupisha nyaya. Jampa ndefu zilizounganishwa mbilimbili ni ugonjwa unaojitegemea.

Tukubaliane kadi imeanza. Unapoita print, amri ya kuandika, herufi zako haziendi kwenye kadi papo hapo. Kadi inaandikwa kwa vipande vya baiti 512, kwa hiyo maktaba inakusanya herufi kwenye RAM mpaka kipande kijae. Kwa mistari yangu ya baiti 26, kipande kimoja kinabeba karibu mistari 20, ambayo ni zaidi ya saa moja na nusu ya kumbukumbu inayoning'inia hewani. Umeme ukikatika inaondoka yote. Na si hivyo tu: hata vipande vilivyokwisha kuandikwa havina faida kama hujaita flush (sukuma yote kwenye kadi) au close (funga faili), kwa sababu ukubwa wa faili kwenye orodha ya folda unasahihishwa wakati huo. Ndiyo maana unaweza kuchomeka kadi kwenye kompyuta ukakuta faili lipo, jina ni lilelile, ukubwa sifuri. Data iko humo ndani ya kadi, ila kompyuta haina njia ya kujua.

Kwa kazi ya polepole kama yangu, ushauri wangu ni mkavu: fungua, andika mstari mmoja, funga.

File faili = SD.open("20250614.CSV", FILE_WRITE);
if (faili) {
  faili.println(mstari);
  faili.close();
} else {
  digitalWrite(TAA, HIGH);
}

Kuna watakaokwambia kufungua na kufunga kila mara kunaichosha kadi. Kwa mara 288 kwa siku sina wasiwasi nako hata kidogo. Kadi ina kidhibiti chake ndani kinachohamisha uandishi ili usipige sehemu moja. Ukiwa unarekodi mtetemo au sauti, mara mamia kwa sekunde, hapo ndiyo, acha faili wazi na uite flush kila baada ya sekunde chache. Ujue pia kwamba kadi inaweza kusimama kidogo ikijipanga, hata robo sekunde, na wakati huo sensa haisomwi.

Ile sehemu ya taa usiiache, ndiyo inayokujulisha faili limegoma kufunguka. Jina la faili hapo juu nimelichagua kwa makusudi: maktaba ya SD inakubali herufi 8, nukta, na 3. Tarehe inaingia kamili. Ukiandika VIFARANGA.CSV, herufi ni 9, faili halifunguki na hakuna mwingine atakayekwambia. Itabidi iwe VIFARANG.CSV, jambo linaloniudhi mpaka leo. Faida nyingine ya faili la kila siku ni kwamba likiharibika moja, kwa kawaida unapoteza siku moja tu.

Ukimaliza, jaribu kwa ukatili. Acha mashine iandike, kisha chomoa waya wa umeme bila kuiaga. Rudia mara kadhaa, mara baada ya kuandika, mara katikati. Halafu fungua faili kwenye kompyuta uangalie mstari wa mwisho. Ukikuta umepotea mmoja, sawa. Ikipotea saa nzima, kuna mahali hujafunga.

Faida yake niliiona Juni. Nilifika Kibosho, nikaamkia, hata marahaba haijaisha shangazi akaanza: "Haya mayai ya yule mama wa huko juu hayana mbegu, baba. Sinunui tena kwake." Vifaranga vilikuwa vimetoka vichache sana. Nikachomoa kadi, nikafungua mafaili kwenye laptopu pale pale mezani. Mstari wa mwisho wa tarehe 14 ulikuwa huu, na wa kwanza wa tarehe 15 ni huo unaofuata:

2025-06-14,23:05,37.5,54
2025-06-15,04:40,24.9,61

Kati ya saa tano usiku na karibu saa kumi na moja alfajiri hakuna kitu. Uno inakula umeme ule ule wa mashine, kwa hiyo ukikatika nayo inanyamaza, na ule ukimya ndio ushahidi. Kwa kuwa kila mstari unafungwa papo hapo, nina hakika umeme ulikatika ndani ya dakika 5 baada ya 23:05. Ningekuwa nasubiri kipande kijae, pengo lingeweza kuanzia saa tatu na nusu na nisingejua lipi ni kukatika kwa umeme na lipi ni mistari iliyopotea. Shangazi aliitazama ile 24.9 kwa muda, akasema Juni huku juu baridi si ya mchezo, na yule mama akasamehewa. Siku hizi kuna mablanketi mawili ya kukuu pembeni ya mashine.

Hesabu hiyo isingewezekana bila saa yenye betri yake. Uno ikizimika haijui tena ni saa ngapi. Weka DS3231, inaunganishwa kwenye pini A4 na A5 za Uno. Angalizo: zipo bodi za bei rahisi za DS3231 zenye sakiti ya kuchaji betri, na ukiweka CR2032, ambayo haichajiwi, unaiharibu. Ng'oa ile diodi au rezista ya kuchajia.

Kusoma faili watu wanakusahau, na mimi nakupenda kuliko kuandika. Nina faili linaitwa MIPANGO.TXT lenye namba mbili, joto na unyevu unaotakiwa. Uno inalisoma ikiwaka. Binamu yangu analibadilisha kwa simu yake bila kugusa programu. Sharti ni kutoliamini: parseFloat, amri ya kusoma namba, isipokuta namba inarudisha sifuri, na mashine itaamini unataka mayai yakae kwenye nyuzi sifuri. Yangu inakubali kati ya 36 na 39 tu, nje ya hapo inarudi 37.5 na kuwasha taa. Kumbuka pia kwamba ukifungua faili kwa FILE_WRITE unawekwa mwishoni mwake, kwa hiyo ukijaribu kusoma utaona halina kitu. Fungua kwa FILE_READ.

RAM ya Uno ni kilobaiti 2, na nusu kilobaiti inakwenda kwa kile kipande cha 512. Maneno marefu ya kwenye Serial, yale yanayotumwa kwenye skrini ya kompyuta, yafunge ndani ya F() ili yabaki kwenye flashi, memori inayokaa programu, na epuka String, ile aina ya kuhifadhi maneno, kama unaweza. Programu inayojizima baada ya siku tatu bila sababu mara nyingi imeishiwa hapo.

Ukichoka na ubanaji huo ukahamia ESP32, bodi nyingine yenye RAM kubwa, unapata nafasi tele na pini zake tayari ni 3.3, kwa hiyo rezista zote unazitoa. Lakini usihamishe programu bila kuisoma. Kule FILE_WRITE inafuta faili lote na kuanza upya, kila mara. Ukiiacha ndani ya fungua, andika, funga, utabaki na mstari mmoja tu, wa mwisho. Badili iwe FILE_APPEND, na jina la faili lianze na mkwaju: "/20250614.CSV".