Mjomba anasema damu ingechemka

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma kidato cha tatu hapa Uyole, Mbeya. Nimesoma kuwa kuna mtu alipanda na puto karibu kilomita 40, akaruka kwa parachuti. Mjomba anabisha, eti huko damu ya mtu ingechemka. Nani mkweli? Mimi natamani siku moja nifike anga za juu.

JIBU: Marahaba mwanangu. Aliruka kweli, ila mjomba wako naye usimdharau.

Juni moja nilipanda Kitulo, kule nyanda za juu, na pakiti ya krispi niliyoinunua Dar es Salaam. Kufika juu imevimba kama ngoma, ukiigusa inalia. Jioni tukabandika viazi. Maji yakatokota, mvuke ukajaa jiko zima, lakini viazi ukivichoma kisu bado vigumu. Ni jambo lile lile: juu hewa ni chache, haigandamizi sana, kwa hiyo maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Ukipita kama kilomita 19, joto la mwili peke yake linatosha kuyachemsha. Hapo ndipo penye hoja ya mjomba.

Kinachomwokoa mrukaji ni suti iliyojazwa hewa. Tarehe 16 Agosti 1960, Joseph Kittinger wa Marekani alipanda na puto hadi mita 31,333. Njiani glovu ya kulia haikujaa hewa, mkono ukavimba hadi mara mbili ya ukubwa wake, kama ile pakiti yangu. Alivumilia maumivu, akaruka, akatua salama; baada ya saa chache mkono ukanywea. Kila nikisimulia habari hii mwili unanisisimka.

Uliyemsoma huenda ni Felix Baumgartner, aliyeruka kutoka mita 38,969 tarehe 14 Oktoba 2012. Alifika kilomita 1,357 kwa saa, akaipita kasi ya sauti, maana kule hewa ya kumzuia ni kidogo mno. Miaka miwili baadaye Alan Eustace akaruka kutoka zaidi ya mita 41,400, akiwa amening'inia tu chini ya puto, bila hata chumba cha kukaa.

Lakini hata hao hawakufika hizo anga za juu unazotamani. Kwa hesabu inayotumika sana, hizo huanzia kilomita 100.

Wewe anza na kipimajoto. Chemsha maji hapo Uyole, utapata kama nyuzi 94. Likizo mwombe mjomba mpande wote Kitulo, mpime tena. Mkipata karibu na 91, niandikie.