Kuacha huru ilikuwa sunna: maswali yenu kuhusu dini na utumwa

SWALI: Qurani inasifu kuacha huru watumwa, na watu wa Pwani waliisoma kila siku. Ilikuwaje basi utumwa Zanzibar ukafika hadi 1897? — Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu yetu, jibu limo ndani ya hukumu yenyewe. Sura ya An-Nur, aya ya 33, inawaambia mabwana wamwandikie mkataba mtumwa anayetaka kujikomboa, iwapo wanaona kheri kwake. Walipatana bei, mtumwa akalipa kwa mafungu kutokana na jasho lake, na akishamaliza fungu la mwisho alikuwa huru. Lakini mafakihi (wanachuoni wa sheria) wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Shafi yaliyoenea Pwani, waliihesabu amri hiyo kuwa sunna, si wajibu. Bwana akikataa, kadhi hakuwa na la kumlazimisha.

Njia nyingine zilikuwepo. Kafara ya kuua bila kukusudia ilikuwa kumwacha huru mtumwa. Bwana aliweza kutamka kwamba siku atakapokufa, mtumwa wake ni huru. Suria aliyemzalia bwana wake hakuuzwa tena. Mtoto alizaliwa huru, na mama akawa huru bwana alipofariki. Seyyid Barghash mwenyewe, Sultan wa Zanzibar, mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi.

Tatizo ni kwamba mashamba ya karafuu yalitaka watu, na pengo la aliyeachwa huru lilizibwa na mwingine wa kununuliwa. Mbali na mtoto aliyezaliwa na mtumwa, sheria ilihalalisha chanzo kimoja tu: mateka wa vita halali dhidi ya wasio Waislamu. Walioshushwa Kilwa kutoka pande za Ziwa Nyasa wengi walikamatwa katika uvamizi wa vijiji, wengine waliuzwa kwa deni au njaa. Mnunuzi hakuuliza. Kwetu sisi hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote: sharti lilikuwa kitabuni, sokoni halikuwa na mtu wa kulisimamia.

Sasa soma amri ya Sultan Hamoud bin Mohammed ya kuondoa utumwa, ya 6 Aprili 1897, iliyotolewa chini ya shinikizo la Waingereza. Utangulizi wake unalalamika kwamba watumwa wamepungua hadi mashamba mengi hayalimwi, kisha unasema Mtume ametuonyesha kuacha huru ni jambo la kusifiwa sana. Hesabu ya shamba na hadithi ya Mtume, karatasi moja! Nayo haikumfungua mtu kwa siku moja. Mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kudai, kisha aonyeshe ana makazi na riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Fidia alipewa bwana. Masuria waliachwa nje kwa hoja kwamba hali yao ni kama ya wake, na walingoja hadi 1909.

Wapo waliopata karatasi ya serikali na bado wakamrudia bwana ili atamke huru kwa kinywa chake, kwa kuwa machoni pa jirani zao uhuru usio na ridhaa ya bwana haukuwa halali. Jambo hili halikuwa dogo: liligusa nani amwoze binti, na nani arithi nyumba.

SWALI: Je, si wamisionari waliokomesha biashara hiyo? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Walipiga kelele sana, na kelele hizo zilisaidia. Soko la Zanzibar lilifungwa kwa mkataba wa 5 Juni 1873, na mwisho wa mwaka huohuo Waanglikana waliweka jiwe la msingi la kanisa lao palepale Mkunazini. Lakini angalia Bagamoyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu, shirika la Kikatoliki, waliofika 1868 walikomboa watoto kwa kuwanunua, wakawalea misheni, wakawaoza na kuwapa nyumba na kipande cha shamba; siku zao zikaongozwa na kengele na kazi za misheni. Huko kwenu, Frere Town, kijiji cha misheni ya Waanglikana, ilianzishwa 1875 kwa watumwa waliookolewa baharini na kushushwa na meli za doria za Waingereza. Mtumwa aliyemtoroka bwana wake, yaani mtoro, lilikuwa jambo jingine, maana utumwa wa nyumbani ulikuwa halali Pwani ya Kenya hadi 1907, na kumficha ni kuvunja sheria. Watoro walipojaa kwenye misheni ya Rabai, karibu na Mombasa, mabwana wakaja juu, na ilibidi Mackenzie wa kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki awalipe mabwana hao ndipo zaidi ya watu 1,400 wakapata hati za huru mapema 1889.

SWALI: Laana ya Hamu iko wapi katika Biblia? — Msomaji, Bujumbura

JIBU: Haipo. Wapo waliodai kwamba watu weusi ni uzao wa Hamu, mwana wa Nuhu, na kwamba walilaaniwa wawe watumwa. Lakini Mwanzo 9:25 inamlaani Kanaani, mwana wa Hamu, na rangi ya ngozi haitajwi popote katika sura hiyo. Waislamu nao walikuwa na masimulizi kama hayo, na mwanachuoni Ahmad Baba wa Timbuktu aliyakanusha mwaka 1615: kinachohalalisha kumtia mtu utumwani ni ukafiri, si weusi. Maana yake ni kwamba hakuupinga utumwa wenyewe. Alipinga Waislamu weusi kuuzwa.