Soma Jua la Nyumba Kabla ya Kununua Samani za Kale

Wanagenzi wengi wanaoingia katika kazi ya kupamba nyumba hapa Bagamoyo huanza kwa kukusanya vitu, kama vile kasha la njumu (sanduku la mbao lililopambwa kwa shaba), saa ya ukutani ya kutia ufunguo, taa ya chemli au samadari (kitanda cha kale cha fahari), kisha ndipo huuliza viwekwe wapi. Mimi huwashauri waanze na nyumba ikiwa tupu, waingie asubuhi, warudi adhuhuri na tena alasiri, na waandike ni ukuta upi unaopigwa na jua kwa saa ipi. Chombo cha kale hupendeza au hufifia kulingana na mwanga unaokiangukia, na mwanga huohuo ndio unaokichakaza.

Ratiba ya siku moja haitoshi. Bagamoyo iko takriban digrii 6.5 kusini mwa ikweta, na kwa hiyo tangu mapema Machi hadi mapema Oktoba jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki huhamia kusini. Dirisha la kaskazini ambalo mwezi wa Januari linaonekana halina madhara, mwezi wa Juni litalaza jua sakafuni, tena juu ya kiti ulichokiweka hapo kwa kujiamini. Madirisha yanayotazama bahari hupokea jua la asubuhi likiwa chini, nalo hupenya ndani sana karibu mwaka mzima. Yale ya magharibi hupata jua kali la alasiri. Nikiachiwa nichague, picha za zamani, kanga za marehemu bibi na vitabu nitaviweka katika chumba cha kusini, ambacho mwanga wake ni mtulivu kwa sehemu kubwa ya mwaka, lakini nitakikagua tena mwezi wa Desemba.

Nyumba za mawe ya matumbawe za Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo zina tabia yake. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa kuwa dari zilibebwa na boriti za mikoko, ambazo kwa kawaida hazivuki upana unaozidi mita tatu hivi. Dirisha lililo kwenye ncha ya chumba kama hicho huangaza mbele tu na kuacha nyuma gizani. Dawa yake si kutoboa ukuta, wala si kuongeza balbu, bali ni kupaka chokaa nyeupe na kutundika kioo cha zamani kwenye ukuta wa ubavuni, karibu na dirisha, ili kiusukume mwanga ndani. Kikikabili dirisha moja kwa moja, mwanga mwingi hurudi ulikotoka na kumchoma macho aliyeketi. Zidaka, yaani vishubaka vilivyomo ukutani, ziachwe na vyombo vichache. Mteja akitaka ukuta huo wa matumbawe upigwe saruji ili ung'ae, mkatalie kwa adabu, maana saruji hunasa unyevu ambao chokaa huuachia utoke, na baada ya muda plasta hubanduka.

Ukitaka kujua mwanga umeifanya nini mbao, inua sinia au kitambaa kilichokaa mezani kwa miaka. Chini yake utaona duara lenye rangi tofauti kabisa na uso uliobaki, na duara hilo halifutiki kwa kupangusa. Mvule mpya wa manjano hugeuka hudhurungi ukipata mwanga, ilhali rangi za vitambaa na picha hupauka, na kilichopauka hakirudi. Vioo vya kawaida vya madirisha havizuii madhara hayo yote, kwa hiyo tumia pazia jepesi la pamba au luva za mbao, na ubadilishe nafasi za vitu mara kwa mara.

Shaba inataka mkono mwepesi. Kwanza igusishe sumaku: ikinata, ndani kuna chuma kilichopakwa shaba juu, na kuisugua sana kutaliondoa tabaka hilo. Ikiwa haikunata, ndimu na chumvi kidogo, au ukwaju, hutosha kuondoa ukungu wa kijani unaoletwa na hewa ya bahari. Suuza upesi na ukaushe. Usiing'arishe kila pembe. Mimi hupendelea weusi ubaki kwenye mikunjo ya nakshi, kwani ndio unaouwezesha mwanga wa pembeni kuichora, ingawa wateja wengine huona ni uchafu na itakubidi uwaeleze.

Kuhusu milango ya nakshi, kuweni waangalifu zaidi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango na fremu za mbao zilizochongwa Tanganyika kabla ya mwaka 1940, kwa hiyo mlango uliong'olewa kwenye gofu na kuletwa kwako na dalali si pambo la kuchukua tu. Muulize umetoka wapi na kibali kiko wapi. Asipokuwa na jibu, mpeleke mteja wako kwa fundi mchongaji amtengenezee mpya.