Kwa nini michoro ya "Take On Me" ina uhai kuliko filta?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nahariri video za muziki hapa Morogoro. Kuna bendi inataka vipande vya katuni ya penseli kama kwenye "Take On Me", wimbo wa bendi ya a-ha. Nimejaribu filta za programu mbili, lakini picha inatoka imepooza. Wale walifanyaje, na mimi nifanyeje kwa kompyuta ya kawaida?

JIBU: Marahaba. Kinachokosekana ni mkono wa mtu. Video ile ya 1985 iliongozwa na Steve Barron, na michoro ni ya Michael Patterson na Candace Reckinger. Walitumia rotoskopu: waigizaji hupigwa filamu kwanza, kisha mchoraji hufuatisha fremu, yaani picha za filamu, moja moja kwa penseli. Zilichorwa fremu kama 3,000 kwa wiki 16. Piga hesabu, ni karibu 190 kila wiki.

Sasa isimamishe video ile pale mkono wa penseli unapotoka kwenye kitabu cha katuni kumkaribisha yule binti mgahawani. Isogeze fremu kwa fremu. Mistari ya kivuli haitulii mahali pamoja, kwa sababu kila mchoro ulianzwa upya. Halafu tazama walichokiacha: sehemu kubwa ya karatasi ni nyeupe, penseli imekazwa machoni na kwenye nywele. Filta haijui jicho lina uzito kuliko ukuta; inachora vyote sawasawa. Hapo ndipo picha yako inapopooza.

Kwako wewe, kamera iweke fremu 24 kwa sekunde, shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) 1/100 ya sekunde. Kasi hiyo inapunguza ukungu wa mwendo, kingo zinaonekana, na taa za umeme wetu wa hezi 50 hazitapepesa. Taa kuu itoke upande mmoja ili uso upate kivuli cha kuchora.

Hariri kwanza, chora baadaye. Nakusihi sana katika hili, maana kuchora kipande ambacho kitakatwa kunaumiza roho. Ukishakubaliana na bendi, toa fremu moja kati ya kila mbili, yaani 12 kwa sekunde, uzipe namba. Chora kila moja kwenye leya (tabaka la picha) mpya, na leya ya mchoro uliopita uifiche kabisa. Ukiiona utainakili, na mtetemo utakufa. Mstari ukiyumba kidogo, usiufute. Mwishoni kila mchoro ukae fremu mbili.

Usichore wimbo mzima. Uzuri wa video ile uko mpakani, kama pale mwimbaji wa a-ha, Morten Harket, na binti wanapotazamana kupitia kiunzi kilicho wazi kama dirisha: upande huu ni watu halisi, upande wa pili ni penseli. Mpaka kama huo unaupata kwa maski ya kawaida (kuficha sehemu ya picha ili nyingine ionekane), kamera ikiwa kwenye stendi, haitikisiki.

Bendi wakilalamikia muda, waeleze kwamba "Take On Me" ilipotoka Uingereza 1984 ilipita kimya. a-ha, vijana watatu wa Norwei, waliurekodi wimbo upya na prodyuza Alan Tarney, na ukiwa na video hii ukashika namba 1 Marekani Oktoba 1985. Waombe sekunde 10 tu za katuni. Hiyo ni michoro 120, na ukichora 12 kwa siku umemaliza kwa siku 10.