Kutegua Swali la Mantiki Lenye Taarifa Mbili Zinazogongana

Kwenye mitihani ya mantiki kuna swali la aina moja lililonitesa miezi mitatu mizima kabla sijalielewa. Unapewa maelezo ya mistari minne au mitano. Mna jambo la kwanza, halafu inakuja "lakini" au "hata hivyo", kisha jambo la pili ambalo haliingii akilini ukishalisoma lile la kwanza. Chini unaulizwa: lipi kati ya majibu yafuatayo, likiwa kweli, linasaidia zaidi kueleza tofauti hiyo? Wanaojiandaa kwa LSAT, mtihani wa kuingia vyuo vya sheria Marekani, wanalijua vizuri, na wa GMAT, mtihani wa kuingia vyuo vya biashara, pia. Majaribio mengi ya kuajiri nayo yanalo.

Nilikuwa naweza maswali mengine ya mantiki. Ukinipa hoja nikutafutie palipo na udhaifu, napaona. Shida yangu ilianzia hapohapo, maana tabia ile ya kutafuta udhaifu niliihamishia kwenye swali ambalo halina hoja kabisa. Hakuna anayejaribu kukushawishi kitu. Zipo taarifa mbili tu, na zote mbili ni za kweli. Mimi nilikuwa nagombana nazo.

Siku moja mwenzangu niliyekuwa nikijisomea naye alichukua karatasi yangu ya mazoezi akaona pembeni ya swali nimeandika kwa kalamu nyekundu: "Haiwezekani." Akaniuliza, "Kama haiwezekani, mbona imetokea?" Nikajitetea kwamba waliotunga swali wamekosea. Akarudia: "Wamekwambia imetokea. Sasa niambie, imetokeaje?" Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwahi kujiuliza hivyo hata mara moja.

Swali lenyewe lilikuwa linafanana na hili ninaloliandika hapa kwa maneno yangu. Maktaba moja ilikuwa ikitoza faini kwa kila siku ambayo kitabu kimecheleweshwa. Ikaifuta faini hiyo. Wafanyakazi walitarajia watu wazembee, kwa kuwa hakuna tena cha kuwasukuma kurudisha. Hata hivyo, miezi iliyofuata vitabu vilivyorudishwa vilikuwa vingi kuliko wakati wa faini, ingawa idadi ya vilivyoazimwa haikubadilika. Majibu ni haya:

A. Faini ilikuwa ndogo ukilinganisha na bei ya kitabu kipya.
B. Baadhi ya waazimaji walisema sasa watakaa na vitabu muda mrefu zaidi.
C. Maktaba nyingine za karibu ziliendelea kutoza faini.
D. Watu wengi wenye vitabu vilivyochelewa sana walikuwa wanaogopa kuvirudisha kwa sababu ya deni la faini lililokwisha kulimbikizwa.
E. Gharama za kukusanya faini zilikuwa kubwa kuliko faini zenyewe.

Mimi nilichagua A. Niliwaza hivi: faini yenyewe ilikuwa ndogo, kwa hiyo kuiondoa hakukuwa na athari. Linasikika kama maelezo, sivyo? Tazama tena swali linauliza nini. Vitabu havikubaki vilevile, viliongezeka. Jibu A likikubaliwa, linatufikisha mahali ambapo hakuna kilichobadilika, na hapo bado tunadaiwa sababu ya ongezeko. Jibu E lina mtego mzuri zaidi, kwa kuwa linaeleza vizuri kabisa kwa nini maktaba iliamua kufuta faini. Ila hakuna aliyeuliza hilo. B linaongeza ugumu badala ya kuupunguza, na C liko kando.

D ndilo linalotegua. Linaleta kitu ambacho hakikuwamo kwenye maelezo: faini ileile iliyowekwa ili kuwasukuma watu warudishe vitabu ndiyo iliyokuwa ikiwazuia waliokwisha kuchelewa. Ukiondoa faini, kizuizi kimeondoka. Taarifa zote mbili zinabaki kweli na mshangao unaisha. Na jambo hili si la kubuni tu. Mwaka 2019 maktaba za umma za Chicago zilifuta faini za kuchelewesha, na vitabu vilivyokuwa vimepitiliza muda vikaanza kurudi kwa wingi.

Tangu siku ile, kabla ya kutazama majibu, naandika sentensi moja kwa kipimo hiki: "Imekuwaje hivi, ilhali vile?" Imekuwaje vitabu vingi virudi, ilhali adhabu ya kutorudisha imeondolewa? Naiandika kweli, kwa kalamu, hata kama ni maneno sita. Ukishindwa kuiandika, bado hujauona mgongano wenyewe, na ukienda kwenye majibu utavutwa na lolote linalotaja maneno uliyoyasoma juu. Sentensi hiyo inakusaidia mara ya pili pia unapokagua: unachukua jibu, unalibandika mwishoni baada ya "kwa sababu", unasikiliza kama limekaa. "Imekuwaje vitabu vingi virudi, ilhali adhabu imeondolewa? Kwa sababu kukusanya faini kulikuwa na gharama kubwa." Halikai. Sikio lako lenyewe litalikataa.

Kisha funika majibu kwa mkono na ubuni maelezo yako mwenyewe, hata mawili ya ovyo. Lengo si kupatia jibu la mtunzi, maana mara nyingi hutalipata. Unaizoesha akili kukubali kwamba maelezo yapo. Mtu anayeamini kwamba jambo linaelezeka husoma majibu kwa namna tofauti na yule anayeliona kuwa haliwezekani.

Nataka nikae kidogo kwenye asilimia, kwa sababu hapo ndipo wengi wanaanguka na ndipo nilipojifunza zaidi. Mwaka 1986 ulichapishwa Uingereza utafiti uliolinganisha njia za kuondoa vijiwe kwenye figo. Chukua mbili kati ya hizo, upasuaji wa kufungua na njia ya kupitisha kifaa kwenye tundu dogo, kila moja ikiwa na wagonjwa 350. Kwa vijiwe vidogo, upasuaji ulifanikiwa kwa asilimia 93, na njia ya tundu kwa asilimia 87. Kwa vijiwe vikubwa, upasuaji asilimia 73, tundu asilimia 69. Upasuaji umeshinda kote kuwili. Sasa jumlisha wagonjwa wote: upasuaji asilimia 78, tundu asilimia 83. Njia iliyoshinda kwenye kila kundi imeshindwa kwenye jumla.

Nilipoziona hesabu hizi mara ya kwanza nilichukua kikokotoo nikihisi kuna aliyekosea. Hakuna. Siri iko kwenye nani alipewa njia ipi. Kati ya wale 350 wa upasuaji, 263 walikuwa na vijiwe vikubwa, ambavyo ni vigumu kuondoa kwa njia yoyote. Kwenye njia ya tundu, wenye vijiwe vikubwa walikuwa 80 tu, waliobaki 270 walikuwa na vidogo. Upasuaji ulibebeshwa kazi ngumu, na jumla yake ikaonekana mbaya kwa sababu hiyo. Kama hili lingekuwa swali la mtihani, jibu sahihi lingesema kwa maneno machache tu kwamba wagonjwa wenye vijiwe vikubwa walipelekwa zaidi kwenye upasuaji. Halitaji asilimia hata moja, na ndiyo maana mtu anayewinda namba kwenye majibu analipita bila kuliona.

Kwa hiyo ukiona makundi mawili yanalinganishwa, jiulize kwanza kama yana watu wa aina moja. Ukiona asilimia upande mmoja na idadi upande wa pili, jiulize jumla ikoje: asilimia inaweza kushuka huku idadi ikipanda, kama jumla yenyewe imekua. Na ukiona kitu kimeongezeka ghafla, jiulize kama kimeongezeka kweli au ni macho ya kukitafuta yaliyoongezeka. Korea Kusini, kiwango cha watu waliogunduliwa kuwa na saratani ya tezi ya shingo mwaka 2011 kilikuwa mara 15 ya kile cha mwaka 1993, wakati vifo vya ugonjwa huo vilibaki karibu palepale. Uchunguzi ulikuwa umeenea sana, na vipimo vikaanza kuona uvimbe mdogo mno ambao huenda usingemdhuru mtu maisha yake yote.

Maneno "likiwa kweli" nayo ni ya kuheshimiwa. Nilikuwa nakataa majibu kwa kusema, "Hilo sidhani kama lipo." Si kazi yako kudhani. Umeombwa ulichukulie kuwa kweli, kisha uone linafanya nini. Jibu sahihi mara nyingi ni jambo ambalo hukulitegemea, maana likiwa la kutegemewa mgongano usingekuwapo tangu mwanzo.

Jibu baya linalonikera zaidi mpaka leo ni lile la upande mmoja. Mwaka 1865 mwanauchumi Mwingereza William Stanley Jevons alieleza jambo lililoshangaza wengi: injini za mvuke zilikuwa zimeboreshwa zikala makaa kidogo kwa kazi ileile, lakini makaa yaliyotumika nchini yakazidi kuongezeka. Jibu linalosema "wahandisi walibuni mitambo bora isiyopoteza joto" linaeleza kwa nini kila injini ilikula kidogo. Zuri, ni nusu. Jibu linalotegua linashika ncha zote mbili: injini zilipokuwa nafuu kuendesha, zilianza kufaa kwa kazi nyingi ambazo zamani hazikulipa, zikawa nyingi kiasi kwamba makaa zilizokula kwa jumla yalizidi yale yaliyookolewa. Ona jinsi upande wa kwanza, kula kidogo, unavyogeuka kuwa chanzo cha upande wa pili. Ukikutana na jibu linalogeuza mambo namna hiyo, usilipite haraka.

Kuhusu muda, sehemu moja ya LSAT ni dakika 35 kwa maswali kama 25, yaani chini kidogo ya dakika moja na nusu kwa kila moja. Watu husema hakuna nafasi ya kuandika ile sentensi ya "imekuwaje". Kwangu sekunde kumi za kuiandika zilifuta ile dakika nzima niliyokuwa naipoteza nikisoma majibu mara tatu tatu.

Limebaki swali lililogeuzwa, lile linalosema kwamba majibu yote yanasaidia kueleza tofauti isipokuwa moja. Hapa nilikuwa napatia manne na kukosea swali, kwa sababu nikishaona jibu la kwanza linaloeleza vizuri, mkono unalichagua wenyewe kwa mazoea. Dawa niliyoipata ni kuandika alama ya vema mbele ya kila jibu linaloeleza, na kulitafuta lililobaki bila alama. Lililobaki si lazima liongeze ugumu. Linaweza kuwa halina habari na mgongano kabisa, limekaa tu pale likitaja maktaba, vitabu na faini. Nilikuwa nalitafuta jibu linalopinga, nikikosa naanza kuyatilia shaka yale manne mazuri. Sasa nikifika kwenye jibu ambalo halisaidii wala halipingi, naliacha bila alama, nasonga hadi E, na nikirudi kulisoma tena naliuliza swali lilelile: kwa sababu yako, imekuwaje?